Mwenyewe ni Nani?

Mtaani kwetu kuna bibi ambaye kumbukumbu zimekuwa zikimtoka kidogo kidogo, mwaka wa nne sasa. Wanawe huwaita kwa majina ya kaka zake waliokwisha kufa. Siku moja muuza duka, ambaye sote tunamwita Mangi, alitoa daftari la madeni, lile la jalada gumu lililokatika mgongo, akamfunulia ukurasa wake: sukari kilo mbili, mafuta ya kula, unga, sabuni ya mche nusu. Bibi aliutazama mwandiko kwa makini, akajibu kwa upole, "Huyu aliyekopa simjui, mwanangu. Mtafute mwenyewe." Waliokaa kwenye benchi wakacheka, halafu kicheko kikawafia mdomoni. Binti yake ndiye aliyelipa.

Tangu siku ile neno "mwenyewe" halijaniacha. Kiswahili kimelipa kazi mbili. Nikisema "nimekuja mwenyewe" nazungumzia nafsi. Nikisema "shamba hili lina mwenyewe" nazungumzia umiliki. Kwetu ni neno moja, na hatulishangai. Wanafalsafa wa Magharibi walikaa miaka elfu mbili kabla hawajaziunganisha kazi hizo mbili waziwazi, na walipoziunganisha, mjadala mzima juu ya nafsi ulibadilika sura. Kwa kawaida historia ya mjadala huo husimuliwa kama msako: kuna kitu kimejificha ndani ya mtu, na kila mwanafalsafa anaingia na taa yake. Mimi naisoma vingine. Kila mmoja wao alikuwa na kazi aliyotaka nafsi imfanyie, na kazi hiyo ndiyo iliyoamua angeona nini akiangalia ndani.

Plato aliitaka ishinde kifo. Katika simulizi yake ya siku ya mwisho ya Sokrate, Athens, mwaka 399 KK, rafiki wa zamani aitwaye Crito anauliza swali la kawaida kabisa la msibani: tukuzike vipi? Sokrate anatania kwamba wamzike wapendavyo, mradi tu waweze kumkamata. Maiti watakayoiosha siyo yeye. Yeye atakuwa ameshaondoka. Hapo roho ni msafiri na mwili ni nyumba ya kupanga. Kwingineko Plato anaigawa roho sehemu tatu, akili, ghadhabu na tamaa, na kuifananisha na mwendesha gari la farasi wawili wasiosikilizana.

Aristotle, aliyekaa miaka ishirini kwenye shule ya Plato, hakuona msafiri wala nyumba. Kwake, kama jicho lingekuwa mnyama, basi kuona ndiko kungekuwa roho yake. Kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja au viwili ni kama kuuliza hivyohivyo juu ya nta na alama ya muhuri iliyogandamizwa juu yake. Nadhani hakuna aliyesema jambo la busara zaidi kwa maneno machache zaidi, na pia hakuna aliyeahidi kidogo zaidi, ndiyo maana msibani bado tunamsikia Plato.

Mlango wa "ndani", kama mahali pa kuingia na kutembea, ulifunguliwa na Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akawa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba. Katika maungamo yake anaikumbuka siku ambayo yeye na vijana wenzake waliiba mapeari usiku, si kwa njaa, maana mengi waliwatupia nguruwe. Anarudi kwenye kisa hicho kidogo tena na tena, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi: kwa nini nilifanya vile? Katika kurasa nyingine anatembea ndani ya kumbukumbu zake kama mtu katika jumba lisilo na mwisho, akakiri kwamba yeye mwenyewe hawezi kujimaliza kujijua. Sokrate alikuwa na hakika kuwa yeye ni roho yake. Kwa Augustino, "mimi" ni fumbo.

Neno letu "nafsi" limetoka Kiarabu, na mmoja wa walioliandikia kwa kina zaidi, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisomwa sana Ulaya baada ya kazi yake kutafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12. Alimtaka msomaji amfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, ananing'inia hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, hasikii wala hahisi chochote. Je, mtu huyo angejua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu ndiyo, ingawa asingejua kwamba ana mkono. Hatuna haja ya kudai kwamba Descartes, tutakayemfikia sasa hivi, alimwibia. Inatosha kujua kuwa njia hiyo ilikwisha kupitiwa kabla yake.

Descartes alitaka uhakika. Aliishi wakati ambapo mafundisho ya kale juu ya dunia na mbingu yalikuwa yanabomoka, akaamua kutilia shaka kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka: macho hudanganya, ndoto hufanana na kukesha, na pengine kuna shetani mwerevu anayemhadaa hata katika hesabu. Kinachobaki baada ya shaka zote ni huyo anayetia shaka. Kufikiri kwenyewe ni ushahidi kwamba mwenye kufikiri yupo. Hoja hiyo ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1637 na ikaendelezwa kwa Kilatini mwaka 1641, ambako alitoa hitimisho kubwa zaidi: mimi ni kitu kinachofikiri, kisicho na urefu wala uzito, tofauti kabisa na mwili.

Aliyemshika pabaya alikuwa mwanamke wa miaka 24. Binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyekuwa akiishi uhamishoni The Hague, alimwandikia barua mwezi Mei 1643. Swali lake lilikuwa jepesi kama la mtoto: kitu kisicho na mwili kinausukumaje mwili? Descartes alimjibu kwa heshima nyingi na maana chache. Elisabeth hakuridhika. Barua ya pili ilikwenda ndani zaidi: kama roho inaweza kuishi peke yake bila mwili, mbona mtu mwenye akili timamu hupotewa na uwezo wa kufikiri kwa sababu ya mvurugiko mdogo tu mwilini? Mwaka 1649 Descartes aliitaja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kuwa ndiyo kiti cha roho, jambo ambalo halijibu swali; linalisogeza tu mahali padogo zaidi. Kila nikimwona bibi yetu akitafuta jina la mwanawe namkumbuka Elisabeth.

Kosa jingine la Descartes, kama ni kosa, lilionwa na mtu wa fizikia wa Göttingen, Georg Christoph Lichtenberg, katika madaftari yake ya karne ya 18. Hoja ya Descartes inathibitisha kwamba kufikiri kunatokea. Inathibitishaje kwamba kuna mtu anayekufanya? Kijerumani kina namna ya kusema umeme umemulika bila kumtaja mmulikaji, na Lichtenberg alidhani kufikiri nako kungepaswa kusemwa hivyo. Sisi jambo hili tunaweza kulionja kuliko wengi. Kila alfajiri tunasema "kumekucha", wala hakuna anayeuliza huyo "ku" ni nani na amekucha vipi. Tunasema "kunanuka", "kumetulia". Lakini jaribu kusema "kunafikiri" uone ulimi unavyogoma. Kiswahili hakikuruhusu utoe kitenzi hicho mlangoni bila kukivisha ni-, u- au a-.

Je, kugoma huko ni dalili kwamba "mimi" ipo, au ni mazoea ya ulimi tu? Nietzsche alisema ni mazoea. Mwaka 1887 aliutumia umeme uleule kudai kwamba mtendaji ni kitu kilichobandikwa juu ya tendo, kana kwamba nyuma ya mmweko kuna umeme uliokaa ukingoja uamue kumweka. Siafikiani naye moja kwa moja, lakini tangu nimsome siamini tena kwamba sarufi haina upande.

Sasa turudi nyuma tumfikie mwanafalsafa Locke, ambaye kwangu ndiye njia panda ya mjadala huu. Toleo la pili la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, la mwaka 1694, liliongezewa sura mpya kwa kushauriwa na rafiki yake William Molyneux wa Dublin. Humo alitenganisha vitu viwili ambavyo vilikuwa vimefungwa pamoja: binadamu, yaani kiumbe hai chenye mwili wake, na mtu kama nafsi inayojitambua. Anamtoa mwana wa mfalme, ambaye roho yake inaingia katika mwili wa fundi viatu ikiwa na kumbukumbu zote za ikulu. Majirani watamwona ni fundi yuleyule. Locke anasema binadamu ni fundi, sawa, lakini mtu ni mwana wa mfalme, naye anapaswa kujibu kwa yale tu aliyoyatenda mwana wa mfalme.

Lile neno "kujibu" ndilo lililobeba kila kitu. Kwa Locke, mtu ni neno la mahakamani. Nafsi yangu inafika pale ufahamu wangu unapofika nikitazama nyuma. Matendo ninayoyakumbuka kuwa yangu ndiyo ninayoyamiliki, na ninachomiliki ndicho ninachodaiwa. Anakubali hata matokeo magumu: mlevi asiyekumbuka alichofanya anaadhibiwa na hakimu wa duniani kwa kuwa hakimu hana njia ya kuthibitisha usahaulifu wake, ila Siku ya Hukumu, siri za mioyo zikifunuliwa, hakuna atakayebebeshwa jambo asilolijua. Bibi yetu, bila kusoma kitu, alijitetea mbele ya Mangi kwa hoja ya Locke neno kwa neno: mkopaji simkumbuki, basi si mimi, mtafute mwenyewe.

Katika kitabu kingine, juu ya serikali, Locke aliandika kwamba kila mtu anaimiliki nafsi yake, na humo ndimo zinamotoka haki zake nyingine. Hapo nafsi na umiliki vikawa kitu kimoja, kama katika neno letu. Ni hapohapo pia ambapo nashindwa kumsoma kwa utulivu, kwa sababu mwanafalsafa huyohuyo aliweka fedha zake katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyokuwa ikisafirisha mateka kutoka Afrika Magharibi kwenda kuuzwa ng'ambo. Kila mtu ni mwenyewe wa nafsi yake. Kumbe swali la nani anahesabiwa kuwa mtu lilikuwa limeshajibiwa kimyakimya, katika daftari jingine.

Waliompinga Locke hawakwenda huko. Askofu Joseph Butler, mwaka 1736, alisema kumbukumbu haiwezi kunifanya niwe mimi, kwa kuwa ili iwe kumbukumbu yangu lazima mimi niwe nilikuwapo tayari. Thomas Reid, mwaka 1785, alitunga kisa cha ofisa mmoja. Alipokuwa mtoto alichapwa kwa kuiba matunda. Alipokuwa kijana jeshini aliteka bendera ya adui. Uzeeni akawa jenerali. Akiteka bendera alikumbuka viboko. Akiwa jenerali anakumbuka bendera, lakini viboko vimemtoka kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule kijana, kijana ni yule mtoto, lakini jenerali siye mtoto. Hesabu haikubali.

David Hume alikiandika kitabu chake cha kwanza katika miaka ya 1730 huko La Flèche, Ufaransa, mji uleule ambako Descartes alisomeshwa na Wajesuiti. Napenda kumfikiria akipita mbele ya ukuta wa chuo kile huku kichwani anakibomoa kitu ambacho mwanafunzi wao mashuhuri alikijenga. Akiingia ndani ya nafsi yake, anasema, hukutana na joto au baridi, pendo au chuki, maumivu au raha. Hajawahi kujifuma yeye mwenyewe bila hisi fulani. Nafsi basi ni tita la hisi zinazopokezana kwa kasi. Mfano wake ninaoupenda ni wa jamhuri: raia hufa na wengine huzaliwa, sheria hubadilishwa, na bado tunasema ni jamhuri ileile.

Kilichonifanya nimwamini Hume ni alichofanya baadaye. Katika nyongeza ya mwaka 1740 alikiri kwamba hoja yake haimtoshelezi na hajui namna ya kuirekebisha: tita linahitaji kamba, na kamba hakuiona. Waandishi wangapi hukiri hivyo muda mfupi tu baada ya kuchapisha? Tena alisema wazi kwamba mawazo haya yakimzidi, dawa yake ni kula na rafiki zake, kucheza bakgamoni na kucheka, na akirudi kwenye maandishi huyaona ya ajabu.

Kamba ile Kant alidhani ameipata, mwaka 1781. Hoja yake ni ngumu, lakini kiini chake kinashikika kwa mfano uliotolewa baadaye na William James: chukua sentensi ya maneno 12, mgawie kila mmoja kati ya watu 12 neno lake, wapange mstari, hakuna hata mmoja atakayeielewa sentensi. Ili kuwe na sentensi lazima maneno yote yashikwe na mmoja. Kant anakubali kwamba huyo mmoja lazima awepo katika kila ujuzi, ila anakataa kata kata kwamba tunaweza kumchunguza kama kitu. Wanaoruka kutoka "lazima kuwe na anayefikiri" hadi "basi kuna roho isiyokufa" wamekosea kanuni za hoja. Ni ushindi wa ajabu: mwenyewe anahitajika, na haonekani.

Baada ya hapo waliochoka kutazama ndani walitazama mlangoni, nani anabisha hodi. Mwaka 1807 Hegel aliandika kwamba mtu hajitambui hadi atambuliwe na mwingine, akaeleza vita vya bwana na mtumwa ambamo bwana anashinda lakini anabaki mikono mitupu, kwa kuwa heshima anayopewa inatoka kwa mtu asiyemhesabu kuwa mtu. Inafaa kusema hapa kwamba ile kauli ya kwenye makongamano, kwamba Magharibi wanasema "mimi" na Afrika inasema "sisi", imenichosha. Hegel angeicheka. Sartre naye, katika kitabu cha mwaka 1943, anamwonyesha mtu mwenye wivu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Yuko mzima mzima ndani ya kile anachokiona. Hana nafsi ya kufikiria. Ghafla anasikia nyayo ukumbini. Hapo hapo anakuwa mchunguliaji, na uso unamwaka kwa aibu.

Lakini macho yanayotutazama hayalingani. Simone de Beauvoir alilionyesha hilo kwa upande wa wanawake mwaka 1949. Mwaka 1952 Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alisimulia jinsi mtoto wa kizungu alivyomwonyesha mama yake Mtu Mweusi na kusema anaogopa. Sekunde moja, na Fanon anahisi mwili wake umetwaliwa na kurudishwa kwake ukiwa umebeba hadithi ambazo hakuzitunga. Kile ambacho Locke alikipita kimya, Fanon anakisema kutoka ndani ya ngozi.

Huko Oxford mjadala ulirudi kwenye swali la Locke, safari hii kwa mashine na mafumbo. Mwaka 1984 Derek Parfit alibuni kichwani kifaa kinachosoma kila chembe ya mwili wako hapa duniani, kikauharibu, kikajenga mwingine kama huohuo Mars. Umesafiri, au umekufa? Na kama mwili wa duniani haukuharibiwa, yupi ni wewe? Parfit aliamua kwamba swali lenyewe halina uzito tunaoupa. Muhimu ni mwendelezo wa mawazo na makusudi, nao unaweza kuwa wa kiasi. Aliungama kuwa wazo hilo lilimpunguzia hofu ya kifo. Linaburudisha, hasa ukiwa mzima. Mimi nashikwa zaidi na Bernard Williams, ambaye mwaka 1970 aliuliza jambo la kikatili kidogo: ukiambiwa kesho utateswa, kisha ukapozwa kwamba kabla ya mateso utafutiwa kumbukumbu zako zote, je, hofu inakutoka? Hainitoki. Mwezi uliopita bibi yetu aliumwa jino usiku kucha. Hakuna aliyeuliza kama anayeumwa ni yeye.

Wengine, Alasdair MacIntyre na Charles Taylor kati yao, wamesema nafsi ni simulizi ambayo mtu anaiishi. Galen Strawson akawajibu mwaka 2004 kwamba yeye haoni maisha yake kama hadithi na anaishi vizuri tu. Nakubaliana na ukaidi wake. Paul Ricoeur, mwaka 1990, alitafuta pengine: kuna kubaki vilevile, kama jiwe, na kuna kubaki mwenyewe, kama mtu aliyeahidi mwaka jana na leo, ingawa moyo umebadilika, anakuja kutimiza. Na Hilde Lindemann wa Marekani aliandika mwaka 2014 kwamba nafsi nyingine hushikiliwa na watu wengine: familia inaendelea kumtendea mgonjwa kama yule wanayemjua, na kwa kumtendea hivyo wanamweka kuwa yeye.

Wiki moja baada ya deni kulipwa nilikuwa dukani nikinunua vocha. Bibi alikuja akiwa amevaa kanga upande wa ndani nje, akaomba sukari robo. Hakuwa na hela. Mangi alimwamkia, akapima sukari, akafunga. Akavuta daftari, akaruka ukurasa wa zamani uliokatwa mistari, akafungua mwingine, akaandika juu jina la bibi.